Mlezi wa Namba Kumi na Saba

Bweni la wasichana, chumba cha nne
3 Machi

Mlezi wangu,

Shikamoo. Sijui kama namwamkia mama au baba, maana mratibu wetu ametukataza kuulizana majina mpaka Siku ya Kampuni. Anasema mwaka jana watu walipangwa kwa kujuana, mjomba akamlea mpwa wake, na mwisho wa muhula kila mtu akawa wa kwanza. Kwa hiyo mwaka huu sisi ni namba tu, ninyi ni walezi tu, na barua zote zinapita mezani kwake zikiwa zimefungwa. Mimi ni Namba Kumi na Saba, mwaka wa mwisho, mauzo na masoko.

Ametuambia pia kwamba kati ya walezi wote ni wewe peke yako uliyesema hupokei barua iliyochapwa. Wenzangu wamenicheka, wanasema nimeangukia kwa mtu wa kale. Mimi nimetafuta kalamu nzuri tu.

Nikueleze habari zangu. Nataka kuuza. Sitaki kukaa ofisini nikichora michoro ya mauzo ya watu wengine, nataka kusimama mbele ya mteja mwenyewe. Nimekulia humo humo. Baba yangu ni mkuu wa mauzo kwenye kiwanda cha magodoro, na mezani kwetu tangu nikiwa mdogo hakukuwa na mazungumzo mengine. Ana msemo wake: hatuuzi godoro, tunauza asubuhi. Nikiwa darasa la tano niliuandika juu ya daftari langu la hesabu, mwalimu akaniuliza kama nina akili timamu.

Siku ya Kampuni baba atakuwa ukumbini pamoja na wakubwa wa kampuni nyingine. Unajua ilivyo: anayeharibu siku ile anapata cheti lakini hapati kazi, maana kampuni zote zinakaa chumba kimoja na zinapeana habari. Sitaki kuharibu, na sitaki mtu aseme nimebebwa na baba. Hata namba yangu sijamwambia. Nifundishe kama unavyomfundisha mtu usiyemjua kabisa.

Wako mtiifu,
Namba Kumi na Saba


Nyumbani
7 Machi

Dada,

Shikamoo. Kama umeshika mkasi uweke chini kwanza, nisije nikakuharibia nguo ya mtu.

Unakumbuka nilikuambia chuo kimeniomba nilee mwanafunzi mmoja wa mauzo? Barua yake imefika. Nimeisoma nimesimama jikoni, na nilipofika katikati nikaanza tena kutoka juu. Dada, huyu ni mtoto wa Bwana Tabasamu. Hakumtaja jina, hakuhitaji. Ameandika “hatuuzi godoro, tunauza asubuhi” na kusema ni msemo wa baba yake. Msemo wa baba yake! Maneno yale niliyasema mimi, mwaka wangu wa pili kazini, kwa mjane mmoja aliyekuwa analala vibaya, na nikayaandika daftarini siku hiyo hiyo nisije nikayasahau.

Wewe unajua habari hizi lakini acha niziseme tena. Yeye ndiye aliyebadilisha sponji ikawa nyepesi. Yeye ndiye aliyetuita ofisini akatuambia tuendelee kuwaahidi wateja miaka kumi. Mimi ndiye niliyemwambia godoro lile halifiki hata mitatu. Na shule ya bweni ilipoyarudisha magodoro mia tatu yakiwa yamebonyea katikati, nani aliyeahidi miaka kumi? Mimi, peke yangu, kwa tamaa zangu. Akanisimamisha uani mbele ya wauzaji wote, akiwa na lile tabasamu lake, akaniambia nifungue mkoba wa kazi nitoe kila kitu. Nilitoa vipande vya sponji kimoja kimoja. Nilitoa mpaka kitana. Vijana niliowafundisha kazi mwenyewe walikuwa wanatazama viatu vyao. Mkoba na vilivyokuwamo vikabaki pale, mimi nikatoka getini na kitana mkononi. Tangu hapo hakuna kampuni iliyonipa kazi ya mauzo. Miaka tisa, Dada.

Sasa ameniletea mtoto wake nimfundishe. Hajui, na mtoto hajui. Basi nitamfundisha. Nitampa kila somo kichwa chini miguu juu, kwa upole, kwa mwandiko mzuri, na Siku ya Kampuni atapanda jukwaani mbele ya baba yake na kampuni zote aaibike mpaka asijue aangalie wapi. Nataka Bwana Tabasamu aone damu yake inavyosimama peke yake uani.

Usinijibu kama unataka kunihubiria.

Mdogo wako


Nyumbani
9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mama, kwa hiyo niite mama ukipenda.

Barua yako imenifurahisha kuliko unavyoweza kufikiri. Mtu anayejua anachokitaka hufundishika upesi. Umesema nikufundishe kama mtu nisiyemjua, na ndivyo nitakavyofanya. Mambo ya baba yako yaache nyumbani.

Tuanze na mteja. Vijana wengi huogopa kuongea, wanamwachia mteja aongee, aulize, afikirie. Hilo ndilo kosa. Mteja akipata nafasi ya kufikiri atafikiria kuondoka. Kwa hiyo akishaingia mlangoni mwanze hapo hapo. Mweleze bidhaa zote mfululizo, hata ambazo hakuzitaja. Mteja asipumue. Akitaka kusema, wewe pandisha sauti kidogo, si kwa ukali, kwa furaha tu. Akinyamaza kabisa ujue umeshinda.

Mratibu ameniambia mnafanya mazoezi kwenye duka la vifaa vya umeme kila Jumamosi. Jaribu huko, kisha niandikie yote, usinifiche hata aibu. Muuzaji anayeficha aibu zake kwa mlezi ni kama mgonjwa anayemficha daktari kidonda.

Nakutakia mema,
Mama Mlezi


Bweni
18 Machi

Mama Mlezi,

Shikamoo. Umesema nisifiche aibu, haya.

Jumamosi aliingia mama mmoja mwenye mwavuli. Alitaka feni ya mezani. Nikamwanza mlangoni kama ulivyosema. Nikamweleza feni za mezani, za kusimama, za dari, nikaruka kwenye pasi, nikafika kwenye mashine za kusagia juisi. Alipofungua mdomo nikapandisha sauti kwa furaha. Mara ya tatu alifunga mdomo, akanitazama kwa huruma, akatoka. Mwavuli wake mpaka leo uko kaunta.

Mwenye duka alicheka mpaka akaegemea friji. Akasema, “Binti, huyu mama ananunua hapa kila mwezi. Leo umemfukuza kwa maneno tu, na mimi kumfukuza mtu huwa natumia mbwa.” Nilitaka ardhi ipasuke.

Labda sikufanya sawasawa. Labda sauti niliipandisha mno. Nimejilaumu wiki nzima, nikaenda nyumbani Jumapili kutuliza kichwa, nikakaa chumba cha kusomea cha baba nikasoma barua yako tena na tena. Mwandiko wako una jambo, Mama. Unanifanya nijisikie niko nyumbani.

Nipe somo la pili, na unieleze vizuri, nisikosee tena.

Wako,
Namba Kumi na Saba


Kwenye cherehani
22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hujaniambia nisikujibu, umeniambia nisikuhubirie, kwa hiyo naandika nikiwa nashona pindo na mdomoni nina pini. Mwenye pini mdomoni hahubiri.

Nilikuwepo ulipotoka kule kiwandani. Nilikulisha kwa kijiko, au umesahau? Kwa hiyo usinieleze ubaya wa yule mwanaume, mimi nimemlaani kabla yako. Akianguka kwenye shimo nitamwongezea udongo. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili na kuna kitu sikioni. Huyo binti kakukosea nini? Alikuwa na miaka mingapi siku ile? Kumi na mbili? Kumi na tatu? Alikuwa uani akitazama viatu vyake?

Ukitaka kumkomoa baba, mlango wake unaujua. Nenda kaubishe. Mwite kila jina unalolijua mbele ya mke wake na majirani, mimi nitakuja nikushikie mkoba. Huko ndiko kukomoa. Hiki unachokifanya kwa mwandiko mzuri sikijui kinaitwaje, ila kama kingekuwa nguo ningeifumua nianze upya.

Haya, nimemaliza. Shingo yangu inauma na mteja wa gauni la harusi amenenepa tena.

Dada yako


Nyumbani
25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa yaliyokupata, na usimsikilize mwenye duka. Watu wa kaunta hawajui mauzo, wanajua kupokea tu. Ulifanya vizuri. Kosa lako ni kwamba ulianza polepole.

Somo la pili ni kasoro. Hakuna bidhaa isiyo na kasoro, na muuzaji mjinga huikiri. Wewe kataa. Mteja akikuambia feni hii ina kelele, mwambie haina, hata kama inanguruma masikioni mwenu wote wawili. Akikuuliza itadumu miaka mingapi, taja kumi. Siku itakapoharibika wewe utakuwa umeshapanda cheo, na lawama haimpati aliyepanda cheo. Hilo nimeliona kwa macho yangu, niamini.

Jaribu Jumamosi tatu mfululizo ndipo uniandikie.

Mama Mlezi


Bweni
16 Aprili

Mama Mlezi,

Shikamoo. Nimejaribu Jumamosi tatu kama ulivyoniagiza.

Nimeuza feni kumi na nne. Mwenye duka hacheki tena, sasa ananiletea kiti. Yule mama wa mwavuli alirudi kuuchukua, akaondoka na feni na pasi, na wiki iliyofuata akamleta shemeji yake. Mwenye duka ameniomba nikimaliza chuo nisiende mbali.

Nimefanya kama nilivyofundishwa na mtu anayeijua kazi hii. Nashukuru.

Nina maswali mawili, na naomba usinichukulie vibaya. La kwanza: ulipokuwa kazini, vijana waliokuwa chini yako uliwafundisha hivi hivi unavyonifundisha mimi? La pili: kuna somo lolote katika haya mawili ambalo ungependa kulibadilisha? Hata mtu mzima hubadili mawazo. Ukilibadilisha sitauliza kwa nini, wala halitatoka kwangu. Nitaanza tu na hilo jipya kana kwamba la zamani halikuwahi kuandikwa.

Siku ya Kampuni ni tarehe nane Mei. Nasubiri jibu lako kwa hamu kubwa.

Namba Kumi na Saba


Nyumbani
20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nilikuwa nimekununia lakini sina mwingine wa kumwambia.

Huyu mtoto anauza! Nimemfundisha kufukuza watu na kusema uongo, naye anauza feni kumi na nne kwa Jumamosi tatu. Sijui wateja wa siku hizi wamekuwaje. Ama wamezoea kupigiwa kelele, ama mtoto ana kipaji kinachouza hata kikifungwa kamba. Nimelala na barua yake chini ya mto kama msichana aliyeandikiwa na mchumba, nikijaribu kuielewa.

Kibaya ni kwamba ninampenda. Nakuambia wewe tu. Ananiuliza maswali ambayo ningeyauliza mimi katika umri wake. Ananiuliza kama ningependa kubadilisha somo lolote, eti hata mtu mzima hubadili mawazo. Nilishika kalamu, Dada. Nikaandika “Mwanangu, yote mawili niliyokuambia”, nikaishia hapo. Kisha nikakumbuka kitana mkononi, na geti linavyofungwa nyuma yangu, na baba yake dirishani ametabasamu. Nikakichana kile kikaratasi vipande vidogo.

Kama ana kipaji, basi nitampiga penye kipaji, jukwaani. Hapo hakuna mama wa mwavuli wa kumrudia wiki ijayo. Pale ni mara moja tu.

Majina yetu yatatajwa siku hiyo, kila mlezi atasimama na mwanafunzi wake. Nataka Bwana Tabasamu anione. Nataka nisimame na jina langu kamili wakati binti yake anazomewa. Nishonee gauni. Lile la samawati ulilolisema, lenye mikono mirefu. Vipimo unavyo.

Mdogo wako


Nyumbani
22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa feni. Kuhusu maswali yako: ndiyo, niliwafundisha hivi hivi, na hapana, sina cha kubadilisha. Mlezi anayebadilisha maneno yake hafai kulea.

Sasa jukwaani. Mna dakika kumi. Tayarisha kurasa arobaini na uzisome zote neno kwa neno, usiinue macho, maana anayeinua macho huonekana amesahau. Anza kwa kuwashukuru wote mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Wakikuuliza swali, waambie jibu liko kwenye kurasa. Na usikubali kukatishwa hata kengele ikilia. Wakubwa wa kampuni wanapenda mtu asiyetetereka.

Nitakuwa ukumbini. Nimevumilia sana kuisubiri siku hiyo.

Mama Mlezi


Kwenye cherehani
3 Mei

Mdogo wangu,

Gauni hilo hapo. Kiunoni nimeacha nafasi kidogo, unakonda. Nilipokuwa nalishona nilisimama mara mbili nikasema silimalizi, nikalimaliza kwa sababu wewe ni mdogo wangu na sina mwingine.

Hujachelewa. Mpaka mtoto anapanda ngazi za jukwaa hujachelewa. Mvute mkono umwambie tupa hizo karatasi. Basi.

Dada yako


Bila anwani
13 Mei

Mama,

Safari hii sikuamkii.

Hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwako, na naandika kwa sababu uliondoka kabla sijamaliza.

Ulipoandika barua yako ya kwanza niliifungua nikacheka. Nilidhani baba amegundua namba yangu na ananichezea, nikalifuata somo hivyo hivyo nione mwisho wake. Maana mwandiko ule naujua tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. K yako ina mkia unaopita chini ya neno zima. Baba ana daftari la kijani, limejaa mafunzo ya mauzo, kurasa mia na zaidi, na K zote zina mikia. Alinipa nilisome, akasema aliliandika ujanani alipokuwa anaanza kazi. Nilimuuliza kwa nini mwandiko haufanani na anaoandikia sasa. Akatabasamu, akasema mkono nao huzeeka. Nikaamini. Kila ninachokijua nimekijua humo, Mama. Nililisoma mpaka nikawa nakariri kama shairi.

Ile Jumapili baada ya mama wa mwavuli nilikwenda nyumbani, nikaliweka daftari upande huu na barua yako upande huu. Mkono ni mmoja. Wala hukuzeeka. Nililia kwa ajili ya baba, kwamba kumbe ni mwizi. Kisha nikasoma yaliyoandikwa. Daftari linasema: uliza swali moja, kisha funga mdomo mpaka mteja amalize. Barua inasema mteja asipumue. Nikadhani umesahau. Watu wanasahau. Barua ya pili ikaja. Daftari linasema: taja kasoro wewe mwenyewe kabla mteja hajaiona, ndipo atakuamini kwa mengine yote. Na barua yako ikaniambia nitaje miaka kumi. Hapo nikajua hukusahau kitu. Ulikuwa umetaja lawama na cheo, nikamuuliza mama yangu kama kuna mtu aliyefukuzwa kiwandani kwa ajili ya miaka kumi, akaniambia jina lako na akalia.

Zile feni kumi na nne niliziuza kwa daftari lako. Nilimuuliza yule mama analala na nani chumbani, akaniambia mume wake ni mgonjwa na hapendi kelele. Nikamwambia feni aliyoichagua ina kelele, nikamwonyesha nyingine. Ni hilo tu. Ni wewe uliyeuza.

Nilikupa nafasi. Nilikuuliza kama kuna somo ungependa kulibadilisha. Niliisubiri barua ile kuliko nilivyowahi kusubiri kitu, kila asubuhi mezani kwa mratibu, mpaka akaniuliza kama nina mchumba. Ungeandika mstari mmoja ningelichukua daftari nikakuletea mlangoni, na jukwaani ningetaja jina lako tu, na baba angeumbuka, na mimi na wewe tungetoka pale tumeshikana mikono. Nilikuwa nimeshapanga hata nguo. Ukaniletea kurasa arobaini.

Kwa hiyo ulichokiona ulikiona. Nilianza na daftari. Nikauonyesha ukumbi mzima ukurasa wa kwanza ukutani, nikasema mkuu wa mauzo aliyekaa mstari wa pili amejenga jina lake kwa daftari hili, na hakuliandika yeye, aliliandika mlezi wangu. Ulisimama. Nilikuona vizuri, gauni la samawati, mikono mirefu. Ulikuwa unang'aa. Nadhani hakuna siku umewahi kuwa na furaha namna ile. Nilikuacha usimame. Nilitaka usimame kabisa.

Kisha mtu akauliza, kama inavyostahili, tutajuaje ni mwandiko wa mlezi huyu? Nikaziweka barua zako kando ya daftari, moja baada ya nyingine. Hakukuwa na njia nyingine ya kuthibitisha, na hata kama ingekuwepo nisingeitumia. Mtu wa mbele akasoma kwa sauti, “Mteja asipumue.” Ukumbi ukacheka. Akasoma ile ya miaka kumi, hawakucheka. Mratibu akasema, “Lakini hii ameandikiwa mwanafunzi.” Baba alikuwa ameshatoka kwa mlango wa pembeni. Wewe ulikuwa bado umesimama.

Sasa kila mtu anajua daftari ni lako, na kila mtu anajua wewe ni nani. Jina lako nimelisafisha na kulichafua kwa dakika kumi, kengele haijalia. Baba alikuibia, nawe ukajaribu kuniibia mimi, na wote wawili mlinitabasamia.

Kampuni mbili zilinifuata nje. Nimekubali moja, ya mbali. Daftari nimelikabidhi kwa mratibu, kachukue. Mimi silihitaji, limo kichwani, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Aliyekuwa Namba Kumi na Saba


Nyumbani kwangu
29 Juni

Kwako mwenzangu wa zamani,

Najua huna hamu ya kuona mwandiko wangu. Kiwandani wamenisimamisha, utakuwa umesikia, kwa hiyo usihangaike kufurahi mara ya pili.

Siandiki kuhusu hilo. Binti yangu hajaniandikia tangu siku ile. Alikuja kuchukua nguo zake nikiwa sipo. Mama yake anajua aliko lakini hataki kuniambia, anasema ameahidi. Nimeuliza chuoni, wakanielekeza kwako, wakasema wewe ndiye uliyekuwa ukiandikiana naye.

Ninakuomba. Sijawahi kukuomba kitu. Kama amekuandikia, niambie tu kwamba yuko salama na kama anakula vizuri, maana akiwa na hasira huwa hali. Anwani usinipe kama hutaki.

Daftari nilikuwa nimepanga kukurudishia. Kila mwaka nilipanga.

Baba yake


Nyumbani
4 Julai

Bwana Tabasamu,

Hilo ndilo jina tulilokuita wauzaji wote, kama hulijui lijue leo.

Miaka tisa nimekutungia barua kichwani. Nikiosha vyombo nilikutungia, nikiwa kwenye foleni ya maji nilikutungia. Zilikuwa kali, nyingine mimi mwenyewe zilinitisha. Leo kalamu ninayo, karatasi ninayo, na wewe ndiye umeanza kuandika, nami nimekaa tangu asubuhi na hakuna hata moja inayokuja. Chuo kimenifuta kwenye orodha ya walezi. Watu wakinisalimia njiani wananisalimia haraka. Lakini hata hayo sikutaka kukuandikia.

Nimemwandikia binti yako barua sita. Nimemwambia mambo niliyopaswa kumwambia mwezi wa tatu. Mratibu amezirudisha zote, hazijafunguliwa. Sijui aliko. Sijui kama anakula.

Hajaniandikia, nakuambia kweli. Sikufichi kwa kukukomoa. Laiti ningekuwa nakukomoa.

Mkeo akilegea, au mtoto mwenyewe akikuandikia wewe kwanza, nakuomba unijulishe, hata kwa mstari mmoja. Akiniandikia mimi kwanza, sitakuambia.

Mlezi wake